Nilivyolishusha tawi zito lililoelemea paa

Katika kazi ya kupogoa miti nimeshauriwa mengi, na ushauri mbaya kuliko yote ni ule wa kuegemeza ngazi kwenye tawi lenyewe, mradi ukae upande wa shina. "Mwanangu, mimi nakata miti tangu hujazaliwa," aliniambia mzee mmoja. Shikamoo nilimpa, ngazi yake sikuipanda. Tawi likishapoteza uzito wa ncha huinuka ghafla, ngazi ikakosa pa kuegemea, na mkataji akabaki hewani na msumeno unaonguruma mkononi.

Tawi lililonitoa jasho lilikuwa limetanda juu ya paa la vigae. Kwa bahati hapakuwa na nyaya za umeme. Zingekuwapo, nisingepanda hadi umeme uzimwe.

Kwanza nilitaka kamba ipite kwenye panda iliyo juu ya tawi hilo. Nilirusha kifuko cha mchanga kilichofungwa uzi mwembamba, kikagonga shina na kunirudia. Nikarusha tena, kikanasa kwenye vijiti, na wenzangu wakaanza kunipigia makofi ya kejeli. Hatimaye niliacha kurusha kwa nguvu za bega. Nilikining'iniza kifuko katikati ya miguu, nikakibembeza, kisha nikakiachia kilipokuwa kinapanda. Kilipita pandani na kushuka upande wa pili, na makofi ya safari hiyo niliyapokea kwa kuinama kama bwana harusi.

Uzi ulivuta kamba nene. Ncha moja niliifunga kwenye tawi, na upande wa pili tuliuzungusha mara tatu kwenye kitako cha shina, ili msuguano ubebe uzito na mtu mmoja aweze kuilegeza polepole. Mtu huyo asijiviringishie kamba mkononi kamwe, maana vidole hukatika hivyo.

Huko juu nilijifunga pawili, kwa kamba ya kupandia na kwa mkanda wenye waya ndani, kwa sababu mnyororo wa msumeno ukigusa kamba hauombi radhi. Nilianza kukata kwa chini, kama robo ya unene, ndipo nikakata kwa juu; bila hivyo tawi huchanika na kuchuna gome la shina.

Hakuna kigae kilichovunjika. Sehemu ya malipo niliinunulia kamba mpya ya kushushia, kwani iliyokwisha kubeba mzigo wa namna ile siiamini tena.