Ukigeukia Ubao, Somo Linanikatikia

Likizo ya Agosti mwaka jana nilikuwa nyumbani Lamu, nimekaa barazani baada ya alasiri, alipopita kijana mmoja niliyemsomesha takwimu mwaka wake wa kwanza chuoni. Alinipa mkono, akaketi, na kwa kuwa somo lile alikuwa ameshalirudia na kulipita, nilimuuliza ni nini kilichomwangusha mara ya kwanza. Alinitazama midomo, kama ilivyo desturi yake, kisha akasema: "Maalim, ukigeukia ubao, somo linanikatikia."

Kijana huyu hasikii vyema tangu utotoni. Sauti huipata, lakini maneno huyakamilisha kwa kuyasoma mdomoni mwa msemaji, nami muhula mzima nilikuwa nikiandika fomula na kuieleza papo hapo, huku nimelipa darasa mgongo, nikidhani ninaokoa muda. Alinieleza kuwa alinakili kila alama iliyokuwa ubaoni, sahihi kabisa, bila kujua hata moja inasimamia nini. Aliona haya kusema mbele ya umati wa wenzake. Katika fomu ya usajili alikuwa ametia alama kwenye kisanduku cha ulemavu, lakini karatasi hiyo ilibaki ofisini na hakuna aliyeniarifu. Wala mimi sikuuliza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kifungu cha 54 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu. Kwa muda mrefu niliisoma haki hiyo kana kwamba inahusu ngazi na milango tu, ilhali mwanafunzi anaweza kuingia ukumbini, akaketi mstari wa mbele, na bado somo lisimfikie.

Sisi wa Lamu hatukupaswa kungoja kufundishwa jambo hili. Habib Swaleh, mwasisi wa Riyadha, msikiti na chuo cha dini cha hapa Lamu, alifungua darsa zake hata kwa watu wa asili ya utumwa, wakati ambapo baadhi ya wakubwa wa mji hawakuona kuwa elimu ile ni haki yao. Na katika vyuo vya Kurani tulivyosomea utotoni, kila mtoto alikwenda mbele ya mwalimu na kusomeshwa peke yake, kwa hiyo aliyekwama alijulikana siku hiyohiyo. Chuo kikuu humjua aliyekwama baada ya mtihani, na huko ni kuchelewa mno.

Tangu siku ile ninaandika kwanza, ninageuka, ndipo ninaposema. Maelezo ya somo ninayatuma siku mbili kabla, kwa maandishi mepesi yasiyomaliza bando la anayeyafungulia Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate. Wiki ya tatu ninatoa zoezi fupi lisilohesabiwa katika alama za mwisho, na kila aliyelikosa ninamwita tuzungumze. Wengine huwa hawakuelewa, wengine mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, umechelewa na wamekuwa wakikosa vipindi kwa kukosa nauli. Hakuna mvivu kati yao.

Lugha nayo ina sehemu yake. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini dhana inaweza kupita katika Kiswahili kwanza. Ninawaambia: dau la kwanza limeleta kilo 10 za samaki kila siku kwa siku tano, la pili limeleta kilo 0, 2, 3, 15 na 30. Wastani wa yote mawili ni kilo 10, lakini mwenye dau la pili hajui kesho watoto watakula nini. Tofauti hiyo ndiyo inayopimwa na mkengeuko sanifu. Ukumbi hunyamaza kidogo, kisha ninawaona watu wakiinamia madaftari, nao wana wa wavuvi ndio wanaokuwa wa kwanza kuuliza maswali.

Muhula wa Septemba ulipoanza, nilimwomba kijana yule akae nyuma katika mihadhara yangu kila alipokuwa na nafasi, anyooshe mkono kila ninapozungumza huku nimegeukia ubao. Siku ya kwanza alinyoosha mkono mara 11. Wiki ya tatu, mara 2.