Kanda za baba mkubwa: siku nilipounganisha Johannesburg na Uholanzi

Jumamosi asubuhi

Kanda za kaseti za baba mkubwa zimefika 212: maulidi, harusi na ngoma za Tanga. Dada yangu aliyeko Muscat ndiye anayezigeuza kuwa mafaili ya sauti, mimi najenga tovuti ya kuzisikilizia. Tovuti ipo kwenye wingu la Azure, yaani kompyuta za kukodi za Microsoft, kituo cha Johannesburg, maana ndicho kilicho karibu nasi. Hifadhidata ya majina ya waimbaji na tarehe niliianzisha zamani Uholanzi, kwenye kompyuta pepe ya Azure yenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na haijahama.

Mpaka leo poti 5432, mlango wa mawasiliano wa hifadhidata hiyo, ilikuwa wazi kwa intaneti nzima, ikilindwa na nywila tu. Limekuwa likininyima raha. Mle mna majina ya watu waliotangulia mbele ya haki, na familia zao zilitukabidhi kwa imani. Nataka tovuti iifikie hifadhidata kwa anwani za ndani pekee, kisha nifunge poti kabisa. Kila kituo kina mtandao pepe wake, yaani mtandao wa faragha ndani ya Azure, kwa hiyo inabidi niiunganishe miwili hiyo.

Nafanya kwa API, yaani kwa kutuma maombi ya maandishi moja kwa moja kwa Azure. Nikibofya bofya kwenye ukurasa wa usimamizi, baada ya mwezi sikumbuki nilibofya nini. Ombi likiwa kwenye faili, naliona na naweza kulirudia.

Ombi lenyewe si refu. Ni PUT, ombi la kuunda au kubadili kitu, kwenda management.azure.com, njia ikitaja usajili, kundi la rasilimali, jina la mtandao pepe, kisha virtualNetworkPeerings na jina la muunganisho. Kwenye kichwa cha ombi kuna tokeni inayothibitisha mimi ni nani. Ndani ya JSON, yaani maelezo ya ombi lenyewe, kuna remoteVirtualNetwork yenye kitambulisho kamili cha mtandao wa pili, na allowVirtualNetworkAccess ikiwa true.

Jibu: 400, yaani ombi lina kosa. Anwani zinagongana. Mitandao yote miwili niliipa 10.0.0.0/16, yaani anwani zote zinazoanza na 10.0, ile inayokuja yenyewe usipoigusa. Mashine ikiulizia 10.0.0.4, itapelekwa upande upi? Nikafuta mtandao wa Johannesburg, uliokuwa na vitu vichache, nikaujenga upya kwa 10.20.0.0/16. Saa mbili zimekwenda. Ukianza mradi kama huu, chukua karatasi ugawe anwani kwanza, hata kwa mitandao ambayo bado hujaifikiria.

Jumamosi usiku

PUT imekubaliwa, lakini hifadhidata haijibu. Nilihangaika na kanuni za usalama nusu saa nzima kabla ya kusoma jibu la API kwa makini: peeringState ilikuwa "Initiated". Maana yake Johannesburg imebisha hodi, Uholanzi haijasema karibu. Kila mtandao unaandikiwa rekodi yake. Nilipotuma PUT ya pili kutoka upande wa Uholanzi, zote mbili zikawa "Connected", na psql, programu ya kuongea na PostgreSQL, ikafunguka papo hapo kwa 10.0.0.4. Njia za kupitishia data Azure huziweka yenyewe. Sikuongeza hata moja.

Poti ya nje nimeifunga saa nne na dakika kumi usiku.

Jumapili

Tovuti imekuwa nzito. Kufungua ukurasa wa kanda moja kunachukua kama sekunde mbili. Johannesburg na Amsterdam zimeachana kilomita 9,000 hivi, na mwanga ndani ya nyaya za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi pekee hakuwezi kupungua milisekunde 90. Mimi napata zaidi ya 150, kwa sababu nyaya hazinyooki kama rula. Kumbe ukurasa wangu ulikuwa unaiuliza hifadhidata maswali kumi na mawili, moja baada ya jingine. Nimeyaunganisha yakawa swali moja, na ukurasa unafunguka vizuri.

Jumatano

Dada anapandishia mafaili kwenye seva ndogo niliyomwekea kituo cha Dubai. Nikauunganisha mtandao wa Dubai na wa Johannesburg, rekodi mbili, zote "Connected". Akanipigia: "Kaka, mbona majina hayaingii?" Seva yake inatakiwa kuandika kwenye hifadhidata ya Uholanzi, nami nilidhani itapitia Johannesburg. Haipiti. Jirani wa jirani yako si jirani yako hapa: Dubai na Uholanzi lazima zipeane mkono zenyewe. Mitandao mitatu ni rekodi sita. Ingekuwa mitano, zingekuwa ishirini. Hapo ndipo watu huweka mtandao mmoja wa kati wenye kifaa cha kupitishia, lakini kwa mitatu sioni haja.

Nimeandika programu fupi inayosoma orodha ya jozi na kutuma PUT pande zote mbili, kisha inauliza hali kila sekunde tano mpaka zote ziseme "Connected". Nimeiwekea pia kazi ya kufuta, kwa sababu ukifuta upande mmoja, uliobaki unasema "Disconnected" na haufufuki mpaka nao uufute na kuanza upya.

Saa tatu usiku dada amepandisha kanda ya 213. Jina la mpiga udi limeingia Uholanzi, nami nimelisoma nikiwa Tanga.