Kiarabu baada ya mtihani wa kidato cha nne

Kijana wa Lamu aliyefanya Kiarabu katika mtihani wa kidato cha nne huamini kwamba lugha hiyo haiwezi kumtoka, kwa kuwa anaishi katika mji ambao adhana, khutba, nyiradi na maulidi humfikia masikioni hata asipofungua kitabu. Mimi naona mazingira hayo hayo ndiyo yanayotughafilisha. Nimewaona wenzangu waliokuwa wakiandika insha za kupendeza darasani, ambao baada ya miaka michache ya kazi ya duka au ya bandarini bado wanaifuata khutba imamu anapofikia aya waliyoihifadhi, lakini hawawezi tena kuandika barua fupi ya Kiarabu bila kukwama.

Kusikia tunachokijua kwa moyo si kuitumia lugha. Qur'ani tumeihifadhi chuoni tangu utotoni, na maulidi ya Habib Ali al-Habshi wa Hadhramaut, ambayo yanasomwa katika Msikiti wa Riyadha hapa Lamu tangu zama za mwasisi wake, Habib Swaleh, yako midomoni mwa watoto ambao hawajaweza kutofautisha jina na kitenzi. Hiyo ni hazina kubwa na ninaipenda, ila haiwezi kushika nafasi ya kusoma maneno ambayo hujawahi kuyaona.

Tatizo la msingi, kwa maoni yangu, ni alama za fat-ha, kasra na dhumma, yaani irabu za a, i na u zinazowekwa juu au chini ya herufi. Msahafu umewekewa alama hizo, na vitabu tulivyoanzia navyo pia; lakini magazeti, barua na vitabu vya watu wazima haviziweki, isipokuwa mahali pachache penye utata. Herufi k-t-b zikiandikwa tupu huweza kusomwa kataba, yaani aliandika, au kutiba, yaani kiliandikwa, au kutub, yaani vitabu, na msomaji hukata shauri kwa kuutazama muundo wa sentensi nzima. Kwa hiyo nahau, yaani kanuni za muundo wa sentensi ya Kiarabu, si somo la kupatia alama za mtihani na kuachwa, bali ndiyo inayomwezesha mtu kusoma. Anayeiacha nahau anapoteza kusoma kwenyewe, na hupoteza polepole kiasi kwamba hatambui mpaka siku anapohitaji kusoma jambo muhimu.

Ninachokifanya jioni, nikishatoka kazini, ni kuchukua habari moja fupi isiyo na alama, kutia irabu za mwisho wa kila neno kwa penseli, kisha kuisoma kwa sauti. Nikikutana na neno geni ninajaribu kwanza kuutafuta mzizi wake, kwa sababu kamusi kubwa za Kiarabu zimepangwa kwa mizizi, na mtu anayetaka kulipata neno mustaqbal lazima ajue kuvua herufi za nyongeza mpaka abaki na q-b-l. Kazi hiyo ya kuvua ndiyo sarfu yenyewe, yaani elimu ya maumbo ya maneno, na kila unapoifanya unairudia bila kukaa kukariri majedwali. Kamusi ninayoiegemea ni al-Mu'jam al-Wasit, iliyotolewa na Majmaa ya Lugha ya Kiarabu ya Cairo mwaka 1960, ambayo hufafanua Kiarabu kwa Kiarabu. Mwanzo inachosha, lakini inamzuia mtu asikimbilie tafsiri kila mara.

Kuandika ni jambo ambalo ningemsisitizia kila mdogo wangu anayemaliza shule mwaka huu. Andika sentensi chache kuhusu kazi yako halisi: shehena iliyoshuka, bei ya samaki, mteja aliyerudisha bidhaa, injini ya mashua iliyozima njiani. Insha za shule zilituzoesha kueleza umuhimu wa elimu na uzuri wa maumbile, na tukabaki bila maneno ya vitu tunavyovishika kila siku.

Maandishi yasiyosahihishwa, hata hivyo, hukomaza makosa. Hapa mji wetu una bahati, kwani bado kuna misikiti yenye darsa baada ya magharibi, ambako mwanafunzi husoma matini mbele ya ustadhi na kusimamishwa papo hapo anapokosea irabu. Ajurumiya, kitabu kidogo cha nahau cha Ibn Ajurrum wa Morocco aliyefariki mwaka 1323, ni miongoni mwa vile ambavyo vimefundisha vizazi vingi kwa njia hiyo. Dada yangu, ambaye ana watoto wadogo, hawezi kutoka wakati huo. Yeye na wenzake husomeana kwa kutumiana sauti katika simu, na mwalimu wao huwarekebisha kwa sauti vilevile. Anayetaka matini ngumu zaidi anaweza kuzitazama hati za mkono za Msikiti wa Riyadha, ambazo zilipigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti kupitia mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini.

Wako wanaosema kwamba fus-ha, yaani Kiarabu sanifu cha maandishi, haina faida kwa kijana anayetaka kwenda Ghuba, kwa kuwa huko watu huzungumza lahaja. Ni kweli kwamba sokoni na nyumbani hatasikia Kiarabu cha darasani, na lahaja atalazimika kujifunza hukohuko kwa kusikiliza. Lakini mkataba wa kazi huandikwa kwa fus-ha, na katika sheria ya kazi ya Saudi Arabia nakala ya Kiarabu ndiyo inayofuatwa iwapo inatofautiana na ya lugha nyingine. Kijana aliyesoma Kiarabu miaka minne ana uwezo wa kufungua nakala hiyo kabla ya kutia saini, akatazama mshahara, saa za kazi, mapumziko na masharti ya kurudi nyumbani, na akauliza pale ambapo nakala mbili hazilingani.