Kadi za besiboli za miaka ya 1950 kwa dola 40 za mwezi

Ukitaja kadi za zamani za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, mawazo ya watu hurukia ile ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022, au ile ya Honus Wagner iliyokuwa ikitiwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Ndiyo maana wenzangu hapa Columbus, Ohio, wakisikia nakusanya kadi za miaka ya 1950, swali la kwanza ni fedha nazitoa wapi. Nazitoa kwenye mshahara wa ghala. Dola 40 kwa mwezi, na ule mwezi ambao nyumbani Tanga kuna harusi au msiba, hata hizo hazipo.

Kilichonisaidia ni kuamua mapema nakusanya nini. Besiboli niliijua ukubwani, kazini, redio ikitangaza mechi za Cleveland na Cincinnati usiku kucha, na wazee wa zamu yangu wakibishana. Katika mabishano hayo ndipo nilipoielewa hadithi ya Jackie Robinson: ligi kuu ya Marekani ilikuwa imewafungia mlango wachezaji weusi kwa miongo mingi, hadi tarehe 15 Aprili 1947 alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Hiyo kila Mmarekani anaijua. Wengi wanachosahau ni kwamba timu zilikuwa 16, na kila moja ilikuwa na siku yake ya kufungua mlango. Cleveland ilifungua Julai mwaka huohuo kwa Larry Doby. Boston Red Sox ndio waliobaki mkiani, wakamwingiza Pumpsie Green Julai 1959, miaka 12 baada ya Robinson. Robinson mwenyewe alikuwa ameshastaafu!

Basi nikasema: mimi nitatafuta kadi moja ya mchezaji wa kwanza mweusi wa kila timu. Orodha nzima inaenea kwenye karatasi moja, ninayo kwenye pochi.

Nilipoanza kuulizia bei ndipo nilipoona jinsi soko hili linavyofanya kazi. Linalipia umaarufu, na linalipia ncha kali za kona. Historia hailipiwi sana. Robinson ni mamia ya dola hata kadi ikiwa imechakaa. Ernie Banks, wa kwanza kucheza Chicago Cubs, Septemba 1953, kadi yake ya kwanza, ya kampuni ya Topps ya 1954, siigusi. Lakini Bob Trice, aliyefungua mlango wa Philadelphia Athletics siku chache tu kabla ya Banks, hakuwa nyota, kwa hiyo anatupwa kwenye boksi la kadi za kawaida pamoja na watu ambao hakuna anayewakumbuka. Vilevile Carlos Paula, Mkuba wa Washington Senators, na Tom Alston wa St. Louis Cardinals, ambaye kadi ya 1955 ya Bowman, kampuni nyingine ya kadi, imemweka ndani ya fremu ya televisheni ya mbao. Zaidi ya nusu ya orodha yangu iko hivyo. Yaani vitu ninavyovitaka mimi ndivyo muuzaji anavyotaka viondoke mezani.

Kwa wale wakubwa nilijiwekea kanuni moja: si lazima iwe kadi ya kwanza ya mchezaji. Hapo ndipo fedha za watu zinapoishia. Banks wangu ni wa mwishoni mwa miaka ya 1960, anatabasamu vilevile. Elston Howard, aliyeingia Yankees mwaka 1955, nimempata kwa kadi ya miaka ya 1960 kwa bei ya chakula cha mchana. Minnie Miñoso wa White Sox nilimwahi kabla hajaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa Besiboli mwaka 2022. Tangu hapo wauzaji wanamtaja kwa heshima zaidi, na heshima hiyo iko kwenye bei.

Ununuzi wangu mwingi ni kwenye magulio ya kadi, yale ya Jumapili kwenye kumbi za hoteli na za kanisa. Mbele ya kila meza kuna kabati dogo la kioo, na humo ndimo waliko Mantle na Willie Mays. Mimi napita moja kwa moja kwenye yale maboksi marefu meupe ya pembeni, kadi moja dola 2 au 3. Chuck Harmon nilimtoa humo. Huyu ni wa Cincinnati: tarehe 17 Aprili 1954 aliingia mechi moja na Nino Escalera wa Puerto Rico, wakawa wa kwanza kwa timu hiyo. Kadi ni Topps ya 1955, imelala kwa upana, sura yake kubwa, pembeni kijipicha chake akiwa mchezoni, na saini yake imechapwa juu ya picha. Kona zote nne zimekuwa duara. Mkunjo mmoja unapita shavuni. Nyuma kuna mtoto amejumlisha hesabu kwa penseli, na jibu amekosa.

"Hiyo imechoka, kijana," mzee mwenye meza akaniambia. "Ninayo nyingine safi, dola 20."

"Safi nakuachia, mzee. Hii iliyochoka bei gani?"

Akacheka, akasema 3. Nikaongeza na Bob Trice, akanipa zote mbili kwa 5.

Kupunguziwa bei kupo, ila si kwa mtindo wa Kariakoo wa kuanzia nusu. Ukifanya hivyo hapa mtu anakunja uso na mazungumzo yamekwisha. Kusanya kadi kadhaa kutoka meza moja, zipange, uliza, "Zote hizi utanifanyia ngapi?" Uwe na noti ndogondogo mkononi. Na saa ya mwisho ya gulio ni tamu kuliko ya kwanza, kwa sababu hakuna anayependa kubeba maboksi kurudi nayo kwenye gari.

Uchakavu ndio rafiki wa mwenye kipato kidogo, mradi ujue uchakavu upi. Kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, hupima kadi na kuipa daraja kuanzia 1 hadi 10, kisha huifungia ndani ya kasha la plastiki. Kadi ileile ikiwa daraja la 8 na ikiwa la 2, bei zake hazifanani kabisa. Mimi naishi kwenye 1 na 2. Mikunjo naikubali, kona za duara nazikubali, tundu la pini, doa la ile bazoka iliyokuwa ikiuzwa pamoja na kadi, vyote sawa, alimradi uso wa mchezaji unaonekana. Nisichokubali ni kadi iliyokatwa kingo ili ionekane mpya, au iliyopakwa rangi kuficha mchubuko. Huo si uzee, huo ni utapeli. Natembea na rula ndogo: Topps za 1952 hadi 1956 ni inchi 2⅝ kwa 3¾, na zile za 1957 kuja huku ni 2½ kwa 3½. Ikipungua upande mmoja, nairudisha. Kwa vipimo hivyo pia, ukinunua kurasa za albamu, kubwa hizo zinataka kurasa za mifuko minane. Ile ya mifuko tisa itazikunja kona.

Kadi bandia huzioni sana kwenye boksi la dola 2, nani ahangaike kumghushi Carlos Paula? Ziko kwa Robinson na Mantle. Lenzi ya kukuza ya bei rahisi inasaidia: kwenye kadi halisi picha ni nukta nukta, lakini maandishi meusi ni wino mzima usiokatika. Iliyonakiliwa kwa mashine mara nyingi hata herufi zake ni nukta.

Jambo jingine la kujua kabla hujashangaa bei ni namba za mwisho. Hadi 1973 Topps walitoa kadi zao kwa mafungu, fungu baada ya fungu, majira yote ya joto. Fungu la mwisho, lenye namba za juu kabisa, lilifika madukani watoto wameshahamia kwenye futiboli ya Kimarekani, hivyo halikununuliwa sana. Sy Berger, mmoja wa waliobuni seti ya 1952, alisimulia jinsi masanduku ya kadi hizo yaliyobaki yalivyopakiwa kwenye mashua mwaka 1960 na kumwagwa baharini. Mantle wa 1952 ni wa fungu hilo. Kwa hiyo mchezaji asiye na jina akikutoza dola 30, tazama namba iliyo nyuma kabla hujamlaumu muuzaji.

Mtandaoni nanunua kidogo, kwenye eBay, na kwa muuzaji mmoja kadi nyingi kwa pamoja, maana ada ya posta ya kadi moja inaweza kuipita kadi yenyewe.

Albamu yangu bado ina mapengo. John Kennedy wa Philadelphia Phillies, aliyecheza mechi 5 tu mwaka 1957, sijamwona kwenye boksi lolote. Na Robinson bado. Ninayemtaka ni wa Topps ya 1956, kadi ya mwisho waliyomtolea akiwa mchezaji, na huyo peke yake nitamnunua akiwa ndani ya kasha la kampuni ya kupima, kwa sababu ya wanaoghushi. Kila mwezi dola 10 kati ya zile 40 zinakwenda kwake. Zikitimia, nitamchukua hata akiwa na tundu la pini kwenye paji la uso.