Pumzi ya Injini

Kigari kile nilikikuta Igoma, hapa Mwanza, mwaka 2016, kwenye yadi ya chuma chakavu, kimeegemea rundo la mabati. Kigari cha gofu, Yamaha cha petroli, kilichowahi kubeba mizigo ya wageni kwenye hoteli moja ya ufukweni. Vijana wa yadi walikuwa wanavuta mtungi wa gesi ili wakikate vipande. Roho iliniuma. Nikatoa laki nne, nikakodi kirikuu, nikakileta nyumbani Kirumba.

Mama watoto alikitazama kikishushwa. "Baba, kinawaka?"

"Bado."

Jumapili zangu za miezi mitano ziliishia pale chini ya mwembe. Kutu niliikwangua kwa msasa hadi vidole vikachubuka. Fundi sofa wa Mabatini alishona kiti upya, nikanunua betri ya volti 12, nikabadilisha nyaya za breki. Hayo yote yalikwenda. Kilichonitesa ni injini.

Na injini yenyewe nilikuwa nimeshaipenda. Kigari cha aina ile hukiwashi na kukiacha kinanguruma kama gari. Unageuza ufunguo, kimya. Ukikanyaga pedali ya mafuta, swichi inashika, stata inaizungusha injini kwa mkanda, nacho kinaondoka. Ikishawaka, stata ile ile inageuka dainamo na kuchaji betri. Ukiachia mguu, inazima. Kifaa kimoja kazi mbili! Aliyebuni kitu hicho alikuwa na akili iliyotulia.

Basi nilikuwa nikikanyaga, stata inazunguka vizuri, cheche kwenye plagi ipo, lakini haiwaki. Nikimimina kifuniko kimoja cha petroli kwenye kabureta, inawaka sekunde nne tano, inakufa. Kabureta niliifungua mara tatu, nikapuliza kila tundu. Nikasema labda ni pampu ya mafuta haipati umeme. Nikatafuta waya wake chasisi nzima, mbele na nyuma. Hakuna waya.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja anayetengeneza injini za mitumbwi karibu na Mwaloni. Nilimkuta ameifunga injini moja kwenye pipa la maji, anaisikiliza ikiunguruma huku amefumba macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mtumbwi wako uko wapi?"

Nikamwambia sina mtumbwi. Nilipomweleza nilichonacho hakucheka, akauliza tu ni silinda ngapi. Kesho yake saa tisa alasiri alikuja na kibegi chake.

"Umeshafungua nini?"

"Kabureta. Mara tatu."

"Usiifungue tena."

Akainama, akaikagua pampu, kidude kidogo cha mviringo chenye mipira mitatu. Mmoja unatoka tangini, wa pili unakwenda kwenye kabureta. Wa tatu unaingia kwenye mwili wa injini, na huo mimi nilikuwa nimeupita kila siku bila kujiuliza unafanya nini. Akauchomoa upande wa injini.

"Weka kidole hapo kwenye tundu. Kijana, kanyaga."

Mwanangu wa kwanza akakanyaga. Kwenye ncha ya kidole nikahisi hewa inanivuta na kunisukuma, inanivuta na kunisukuma, kama kifua cha mtoto aliyelala. Mzee akaurudisha mpira, akauchomoa upande wa pampu, akaniambia nishike tena. Safari hii sikuhisi kitu.

"Pampu hii haitumii umeme," alisema. "Pistoni ikipanda inavuta, ikishuka inasukuma, na kiwambo kilicho ndani ya pampu kinakwenda nayo. Injini inajivutia petroli kwa pumzi yake. Nyingi za mitumbwini ni hivi hivi."

Akaukunja ule mpira. Upande wa chini, usiouona mpaka uulaze ubavu, ulikuwa umepasuka urefu wa ukucha. Pumzi yote ilikuwa inapotelea hapo. Kwenye kibegi chake akatoa kipande cha mpira mnene, akakata kama shibiri moja, akafunga.

Nikakanyaga. Stata ikazunguka, ikazunguka, injini ikakohoa mara mbili, moshi ukatanda chini ya mwembe, na haikuzima. Kigari kikajivuta. Mama watoto alitoka jikoni mikono ina unga.

Mzee akapanda pembeni yangu bila kuambiwa. Tukateremka kichochoro polepole, watoto wa mtaa mzima nyuma yetu, mpaka kwenye mawe ambapo ziwa linaonekana. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inatoka na taa zake. Nikaachia pedali, kukawa kimya kabisa.

"Imezima!" watoto wakapiga kelele. "Jamani, imezima!"

Mzee hakugeuka. Alikuwa anautazama mguu wangu.

Nikakanyaga.