Mwanahamisi: jina la Alhamisi linaloadimika

Silabi tano, mwa-na-ha-mi-si, na mkazo kwenye "mi". Ukipita Tanga, Bagamoyo, Rufiji, Kilwa, Kwale au Unguja utalikuta jina hili kwa mabibi na mashangazi kuliko kwa watoto wa chekechea. Hamisi mwenyewe, jina la kiume, bado yuko kila mtaa. Huyu wa kike ndiye anayepungua, na sababu zake zinafuatilika.

Kwanza asili. Wengi hulifasiri kuwa ni "mtoto wa Alhamisi" na kuishia hapo. Fasiri hiyo inaeleweka, lakini inaacha nje sehemu nzuri zaidi ya jina. Katika Kiswahili cha kale cha mwambao, hasa kaskazini kuanzia Pate na Siu hadi Amu (Lamu) na Mvita (Mombasa), Mwana kilikuwa cheo cha mwanamke wa heshima, kama Bwana kwa mwanamume. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kumwusia bintiye, alikuwa mke wa Bwana Mataka wa Siu, na binti huyo aliitwa Mwana Hashima. Mume ni Bwana, mke ni Mwana, binti ni Mwana. Pate wanamtaja Mwana Darini katika kisa cha siwa, baragumu la kifalme, Mombasa wana Mwana Mkisi anayehesabiwa kuwa mtawala wa mwanzo wa mji, na Tumbatu walikuwa na malkia aliyejulikana kama Mwana wa Mwana. Hakuna anayesema Mwana Mkisi alikuwa mtoto wa mtu aitwaye Mkisi.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa wanaume. Pwani ina Mwinyijuma, Mwinyihaji, Mwinyimvua, Mwinyimkuu. Mwinyi ni cheo cha mwenye mji, na kikatangulia jina mpaka vikashikana kuwa neno moja. Mwinyijuma ndiyo iliyofupishwa ikawa Mwinjuma, jina ambalo wengi wanalijua kupitia msanii na mbunge wa Muheza, Hamis Mwinjuma. Weka Mwinyijuma na Mwanajuma bega kwa bega na mfumo unajionyesha wenyewe: siku ni ile ile, kilichobadilika ni cheo cha mbele. Kwa hiyo Mwanahamisi ni "Bibi Hamisi" kabla hajawa "mtoto wa Alhamisi". Maana zote mbili zinaishi ndani ya jina leo, ila ni cheo kilicholipa umbo, na ndicho ninachotamani wazazi wakijue kabla ya kulikataa kwa kudhani ni jina lisilo na hadhi.

Njia hiyo ya cheo ilizaa ukoo mzima. Mwanajuma na Mwanahamisi ni wa siku za wiki. Mwanaidi ni wa sikukuu. Mwanaisha (au Mwanaasha) na Mwanahawa wameongezewa cheo juu ya jina ambalo tayari ni la kike. Yupo na Mwanakombo, pacha wa Kombo wa kiume. Mwaka, jina la msichana aliyezaliwa karibu na siku ya mwaka wa Kiswahili, ni jirani wa ukoo huu ingawa halina cheo mbele.

Sasa siku yenyewe. Alhamisi ni neno la Kiarabu la siku ya tano, ikihesabiwa kuanzia Jumapili. Waswahili nao wana hesabu yao inayoanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa, na kwa hesabu hiyo siku ya tano ni Jumatano. Ndiyo maana wiki yetu ina siku mbili za tano zilizopakana. Mwana ilishikamana zaidi na Alhamisi na Ijumaa, siku mbili zilizobaki na majina ya Kiarabu, na zote mbili zina uzito wa ibada: jua likizama Alhamisi, usiku wa Ijumaa umeingia.

Hapo ndipo makosa ya kumpa mtoto jina la siku yanapotokea, hivyo inafaa kueleza hatua kwa hatua. Kwa hesabu ya wazee, siku huanza magharibi, si saa sita usiku. Mtoto aliyezaliwa Jumatano saa 3 usiku amezaliwa usiku wa kuamkia Alhamisi, kwa hiyo ni Mwanahamisi, hata kama hospitali imeandika tarehe ya Jumatano. Aliyezaliwa Alhamisi saa 8 mchana ni Mwanahamisi bila mjadala. Aliyezaliwa Alhamisi saa 2 usiku ameshavuka: huyo ni Mwanajuma. Kwa mwambao wetu ulio karibu na ikweta jua huzama karibu na saa 12 jioni au saa 12 na nusu mwaka mzima, kwa hiyo penye utata ni kwa waliozaliwa kwenye dakika za magharibi yenyewe, na hapo familia hufuata adhana.

Anayetaka kuhakiki jina la bibi yake kwa kalenda asiishie kwenye tarehe. Atafute na saa. Tarehe 12 Desemba 1963, siku Kenya ilipopata uhuru, ilikuwa Alhamisi. Msichana aliyezaliwa asubuhi ya siku ile Kwale au Mombasa alistahili jina hili kwa hesabu zote mbili. Aliyezaliwa usiku wake, baada ya magharibi, hakustahili kwa hesabu ya wazee. Na kuna kundi kubwa la akina Mwanahamisi ambao hawakuzaliwa Alhamisi hata kidogo: wamerithi jina la bibi. Hawa kalenda haiwahusu. Aliyezaliwa siku hiyo ni yule wa kwanza kwenye mnyororo, pengine vizazi vinne nyuma. Mara nyingi mjukuu wa namna hii haitwi jina lake nyumbani, kwa sababu ni jina la mavyaa (mama mkwe) na mama yake hawezi kulipayuka akimkaripia mtoto. Ataitwa Bibi, Mama, au Mwana tu.

Kwa nini limepungua? Sababu ya kwanza ninayoiona ni wakati wa kuchagua jina. Jina la siku humsubiri mtoto azaliwe. Huwezi kulijua mapema. Lilifaa sana katika desturi ya kungoja siku ya saba, siku ya akika, ndipo mtoto apewe jina. Leo wazazi wengi wanajua jinsia ya mtoto kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, jina limeshakubaliwa miezi kadhaa kabla, na siku ya kuzaliwa haina tena nafasi kwenye mazungumzo.

Sababu ya pili ni mafundisho ya dini kuhusu majina. Walimu wengi wanahimiza majina ya wake na mabinti wa Mtume na ya wanawake wema: Khadija, Aisha, Fatma, Maryam. Jina la siku si haramu, lakini halina mtu wa kuigwa ndani yake. Ndiyo maana Mwanaisha imestahimili vizuri kuliko Mwanahamisi: ukiondoa cheo unabaki na Aisha. Mwanaidi nayo ina Idi ya kuitegemea, na imebebwa na watu wanaoonekana, kama Mwanaidi Maajar aliyekuwa balozi wa Tanzania Uingereza na Marekani. Mwanahamisi nayo imesikika kwenye soka la wanawake kupitia Mwanahamisi Omari wa Twiga Stars, timu ya taifa ya Tanzania, lakini jina moja uwanjani halitoshi kuvuta wimbi.

Sababu ya tatu ni Hamisa. Hili ndilo badiliko linalonivutia kuliko yote, kwa sababu siku haikufa. Kilichobadilika ni namna ya kuifanya iwe ya kike. Mwanahamisi inatumia njia ya Kiswahili, cheo mbele. Hamisa inatumia njia ya Kiarabu, irabu "a" mwishoni, kama Jamil na Jamila, Salim na Salima. Ni silabi tatu badala ya tano, haina "mw" inayowasumbua wageni, na mwanamitindo Hamisa Mobetto amelifanya lisikike kila mahali. Mzazi anayetaka kumkumbuka Bibi Mwanahamisi huchagua Hamisa akiona ametimiza wajibu. Siwalaumu, ila kinachodondoka njiani ni cheo, na cheo ndicho kilichokuwa cha kwetu.

Kwa anayetaka kulirudisha jina zima, kazi kubwa iko kwenye karatasi. Bara husemwa Hamisi, Zanzibar Khamis, kwa hiyo kuna Mwanahamisi na Mwanakhamis, na zote mbili zina herufi 11. Kwale utakutana pia na Mwanamisi, iliyomeza silabi ya "ha". Zipo Mwanakhamisi, Mwanahamis, na Mwanaamisi, hii ya mwisho ikitokana na "h" kupotea katikati ya irabu mbili karani anapoandika kwa kusikia. Kila moja ni sahihi mdomoni. Lakini kwenye kompyuta ya benki au ya mfuko wa pensheni, Mwanahamis na Mwanahamisi ni watu wawili.

Kosa baya zaidi ni kulikata. Chukua Mwanahamisi Omari Saidi. Karani akiandika MWANA HAMISI OMARI SAIDI, fomu yenye visanduku vitatu italisoma hivi: jina la kwanza Mwana, jina la baba Hamisi, na mwisho Omari au Saidi, kutegemea lipi limeachwa. Ghafla baba si Omari tena. Tatizo halionekani shuleni. Linajitokeza kwenye mirathi, pale binti anapotakiwa kuthibitisha ni mtoto wa nani.

Kinga yake ni rahisi ikifanywa mapema. Andika jina kwa mkono wako kwenye karatasi, neno moja, herufi kubwa ya mwanzo peke yake, umpe karani alinakili badala ya kulitamka. Lihakiki kwenye tangazo la kizazi kabla ya kutoka hospitali, kwa sababu cheti cha kuzaliwa hutolewa kwa kufuata karatasi hiyo. Cheti kikitoka, soma herufi moja moja ungali dirishani. Kisha peleka nakala ya cheti siku ya kuandikisha mtoto darasa la kwanza. Jina lililomo kwenye daftari la shule ndilo litakalosafiri hadi kwenye vyeti vya mitihani, na kuvirekebisha hivyo baadaye ni kazi ngumu kuliko vyote.

Ikiwa nyaraka tayari zinapishana, usianze na ile iliyo rahisi kubadili. Chagua ile iliyo ngumu, kwa kawaida cheti cha mtihani, ukaifanye kipimo, halafu uzivute nyingine zilingane nayo. Kwa tofauti ya herufi au nafasi, hati ya kiapo mbele ya wakili, inayotaja maumbo yote yaliyotumika na kusema ni ya mtu mmoja, mara nyingi hukubaliwa. Itaje kila umbo kama lilivyoandikwa, pamoja na nafasi iliyomo katikati. Hati inayosema tu "jina langu liliandikwa vibaya" hurudishwa.

Kwa waliohamia Omani na nchi nyingine za Ghuba, hatari ya kukatwa ni kubwa zaidi. Huko majina mawili yakifuatana husomwa kuwa la pili ni la baba, kwa hiyo Mwana Khamis anageuka kuwa Mwana binti Khamis. Pasipoti ikiwa na Mwanakhamis kama neno moja, mwombe mfasiri aliandike kwa hati za Kiarabu bila kuacha nafasi, na uikague tafsiri hiyo kabla haijapigwa muhuri, hata kama husomi Kiarabu: nafasi tupu katikati ya jina huonekana kwa jicho la mtu yeyote.