Stefan Küng: mita 5 za Tokyo, mita 42 za Wollongong

Chukua Hiace moja iliyopaki stendi. Urefu wake, bampa hadi bampa, ndio uliomnyima Stefan Küng medali ya Olimpiki. Ilikuwa Julai 2021, Tokyo, mbio za baiskeli dhidi ya saa, ambapo kila mmoja anaondoka peke yake na kupimwa muda, kilomita 44.2. Primož Roglič alichukua dhahabu, Tom Dumoulin fedha, Rohan Dennis shaba, na Mswisi huyu akawa wa nne kwa kuachwa sekunde 0.40. Kwa mwendo wake wa kilomita 47 na ushee kwa saa, hizo ni mita 5 tu. Mwaka uliofuata, Wollongong kule Australia, Tobias Foss wa Norway akampiku kwenye ubingwa wa dunia kwa sekunde 2.95 katika kilomita 34.2. Piga hesabu, utapata mita 42 hivi.

Huku kwetu zikitajwa mbio za baiskeli, watu hufikiria milima. Küng si mtu wa milima. Alizaliwa 1993 mjini Wil, ana urefu wa mita 1.93, na mwili wa namna hiyo ukianza kupanda ni mzigo. Lakini Tabora nayo haina milima ya kutisha. Ina tambarare na upepo. Kwa mwendeshaji wa Tabora, naona mtu huyu ana somo kubwa kuliko mabingwa wote wa Alps.

Somo lenyewe lilianzia kwenye mbao za velodromu, uwanja wa mviringo wa mbio za baiskeli. Februari 2015, Saint-Quentin-en-Yvelines, Ufaransa, Küng alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kufukuzana, mbele ya Jack Bobridge wa Australia. Wawili huanza pande mbili zinazokabiliana za velodromu, kila mmoja akimwinda mwenzake kwa kilomita 4, yaani raundi 16 za mita 250. Baiskeli haina breki wala gia za kubadilisha, na pedali hazipumziki: gurudumu likizunguka, miguu nayo inazunguka. Kwenye kona, mbao zimeinuka zaidi ya nyuzi 40, hivyo ukipunguza mwendo sana unateleza kuelekea chini.

Kwa kuwa gia ni moja tu, kuichagua ni nusu ya kazi. Mfano, meno 56 mbele na 14 nyuma: kila mzunguko wa pedali unazungusha gurudumu mara 4, na kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 unasogea mita 8.4. Anayetaka kumaliza kwa dakika 4 na sekunde 20 anahitaji mizunguko kama 110 kwa dakika. Gia ikiwa nzito mno, mwanzo unamla, maana anaondoka akiwa amesimama. Ikiwa nyepesi mno, raundi za mwisho miguu inazunguka ovyo bila nguvu.

Mgawanyo wa nguvu ndipo wengi wanapoharibu. Kwa lengo hilo la 4:20, raundi ya kwanza inachukua sekunde 22 hivi kwa sababu ya kuanza, na 15 zilizobaki zinatakiwa zisimame chini kidogo ya sekunde 16 kila moja. Ukipiga 15 kwenye raundi ya tatu unajisikia shujaa. Kufikia raundi ya kumi na mbili mapaja yamejaa moto, unapiga 17, na akiba yote imekwisha pamoja na riba. Sababu ni hewa. Ukitoka kilomita 30 kwenda 40 kwa saa, mwendo umeongezeka kwa theluthi, lakini nguvu unayotoa kuishinda hewa inakuwa mara 2.4 hivi. Unachookoa kwa kuchomoka hakifiki unachokitumia.

Barabarani Küng alihamisha hesabu hiyohiyo. Timu ya BMC ilimchukua mwaka huo wa 2015, na kabla Mei haijaisha alikuwa ameshinda hatua, yaani mbio za siku moja, ndani ya Tour de Romandie ya Uswisi, peke yake kwenye mvua, kisha akaanguka Giro d'Italia, mbio za wiki tatu za Italia, na kuvunja pingili ya uti wa mgongo. Mwaka 2016 akaanguka tena na kuikosa Rio. Baada ya hapo akatulia. Alikuwa bingwa wa Ulaya wa mbio dhidi ya saa 2020 na 2021, na akiwa na Uswisi alitwaa ubingwa wa dunia wa timu mchanganyiko za wanaume na wanawake 2022 na 2023. Alichukua pia shaba ya dunia ya barabara Yorkshire 2019, na nafasi ya tatu Paris–Roubaix 2022, mbio za mawe ambazo mwili mkubwa unasaidia badala ya kuumiza. Ushindi wake binafsi wa hatua katika mbio kuu za wiki tatu ulimchelewa mno: Madrid, Septemba 2024, siku ya mwisho ya Vuelta, mbio kuu za Hispania, kilomita 24.6 dhidi ya saa. Roglič, yuleyule wa Tokyo, alikuwa wa pili, nyuma kwa sekunde 31. Kwa 2026 amehamia Tudor, timu ya nyumbani kwao.

Watu humwita mtu wa nafasi ya pili. Mimi naona wanakosea kusoma. Mwili wa mita 1.93 unafungua mlango mpana kwa upepo, na kwenye tambarare sehemu kubwa ya upinzani wa hewa hutoka kwa mwendeshaji mwenyewe, si kwenye baiskeli. Kwa miaka mingi kanuni za kukaa ziliwabana warefu. Tangu 2023 UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, imewapanga waendeshaji kwa kimo, na wa sentimita 190 kwenda juu wanaruhusiwa kunyoosha mikono mbele zaidi. Ilichelewa.

Kujikunja huko kuna bei. Septemba 2023, mbio za Ulaya Uholanzi, Küng alikuwa ameinamisha kichwa kupunguza upepo, hakuona anakohamia, akagonga uzio wa pembeni. Alimaliza helmeti imepasuka na uso umejaa damu. Kwenye barabara ya Urambo hakuna uzio, kuna malori. Kwa hiyo inamisha mgongo, kunja viwiko, lakini macho yabaki mita 30 mbele.

Kujipima kwa mtindo wa mbao hakuhitaji baiskeli ya mamilioni. Hii yetu ya kawaida ya meno 44 mbele na 18 nyuma, tairi la 28, inasogea karibu mita 5.4 kwa kila mzunguko. Toa keria kama si ya kazi. Mnyororo uwe na mlegeo wa sentimita moja hivi katikati. Ukilegea zaidi utachomoka ukisimama kwenye pedali, ukikaza sana unakula beringi. Tandiko lipande mpaka kisigino kikiwa kwenye pedali ya chini mguu unyooke kabisa. Shati la kupepea liingize ndani.

Tafuta kilomita 4 zilizonyooka na uzihesabu kwa nguzo za kilomita. Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo kwenda Urambo, upande wa magharibi, unasukumwa mgongoni na kurudi unakula upepo wa uso. Pima asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, la sivyo unapima hali ya hewa. Lenga dakika 10: kilomita ya kwanza 2:35, ya pili na ya tatu 2:30, ya mwisho 2:25. Hiyo ni kilomita 24 kwa saa, mizunguko 74 hivi kwa dakika. Mwenzako mwenye simu asome muda akiwa kwenye pikipiki, lakini abaki nyuma yako. Akikaa mbele anakukatia upepo na namba zote ni za uongo. Kilomita ya nne ikizidi ya pili kwa sekunde 10, kosa ulilifanya mwanzoni kabisa, mita 500 za kwanza. Pumzika siku mbili, kisha anza taratibu kuliko unavyotamani.